Fundi kasema nihamishie kila kitu D alafu apige window, je vitu vyangu vitabaki?

Dada mmoja wa Morogoro mwenye stesheneri ameuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka, nina HP ProBook 450 G3 nilinunua used, RAM 4, hadi diski ni GB 500 imegawanywa C na D. Siku hizi nikiiwasha naweza kufagia duka lote nikarudi bado kiduara kinazunguka, Word nayo ikifunguka inaganda. Fundi wa hapa mtaani anasema dawa ni kufomati na kupiga window upya, elfu ishirini, nihamishie kila kitu D yeye atafuta C tu. Humo kuna kadi za harusi za wateja, picha za paspoti na mahesabu ya duka kwenye Tally. Je D itakuwa salama kweli? Na mwenyewe nikitaka naweza kuifanya hiyo kazi?"

Haya dada, umefanya vizuri kuuliza kabla, maana mi wengi wananifikia wakati diski imeshafutwa na wanachotaka ni muujiza. Jibu la haraka: D mara nyingi inabaki salama ila D sio bakapu (nakala ya akiba), na kazi ya kupiga window unaiweza mwenyewe kabisa. Lakini kwa hiyo mashine uliyoisema mi hiyo diski nisingeifomati, ningeitoa nikaweka nyingine. Itakuwa ndefu kidogo, vumilia.

Tuanze na D. C na D kwenye laptopu yako ni hadi diski moja hiyohiyo, kitu kimoja cha chuma unaweza ukakishika mkononi, kimechorwa mstari tu kwenye kumbukumbu zake kwamba kuanzia hapa ni C na kuanzia pale ni D. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili, umehamisha vyombo kutoka sebuleni kwenda chumbani, moto ukiwaka hauulizi. Kwaiyo diski ikifa, C na D zinakufa siku moja. Fundi hajakudanganya kusema kwamba akifuta C kwa usahihi D haiguswi, hiyo ni kweli, shida iko kwenye hilo neno usahihi.

Kwasababu ukishabuti na flashi ya Windows, yaani mashine ikiwakia kwenye flashi badala ya diski, ukafika pale unapochagua iwekwe wapi, huoni C wala D. Unaona mistari tu, "Drive 0 Partition 1", "Drive 0 Partition 2", "Drive 0 Partition 3" na kuendelea, pembeni ukubwa wa kila moja na nafasi iliyobaki. Sasa kama C yako ni GB 250 na D nayo ni GB 250, ambavyo ndivyo mafundi wengi wanavyogawa, nusu kwa nusu, alafu mtu ana wateja watatu wamesimama dirishani, kidole kinaenda kwenye mstari usio wenyewe na kitufe cha "Delete" pale kinauliza mara moja tu. Kuna kinga ndogo ya bure kabisa ambayo watu hawaitumii: kabla hujaanza, ingia kwenye This PC, bonyeza D kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Rename, iite KAZI_USIGUSE. Hilo jina litatokea kwenye ule mstari wakati wa kuchagua patisheni (kipande cha diski), na hata fundi ataliona.

Kuna jingine ambalo ndo linaliza watu zaidi. Mashine ikiwa imepangwa kuwaka kwa mtindo wa kisasa wa UEFI alafu diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, Windows inagoma, inakuletea ujumbe kwamba diski ina "MBR partition table" na kwa UEFI inakubali GPT tu, ule mtindo mpya wa kugawa diski. Fundi mwenye haraka hapo hahangaiki, anabonyeza Shift na F10, kinafunguka kile kidirisha cheusi, anaandika diskpart, anachagua diski, alafu anaandika clean. Neno moja tu. Halikuulizi una uhakika au huna, linafuta ramani ya diski nzima ndani ya sekunde, C imeenda, D imeenda na kila ulichohamishia huko kimeenda nayo. Alafu unaambiwa "dada diski ilikuwa na matatizo".

Kujua uko upande gani ni rahisi, kama laptopu bado inawaka bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari ulioandikwa "BIOS Mode". Ukikuta Legacy ujue unatumia mtindo wa zamani, na Windows 10 inakaa humo bila shida, huna haja ya kubadilisha chochote kama lengo ni kuokoa D. Kwenye HP ukiwasha huku unagonga Esc alafu F9 inakuja orodha ya vitu vya kubutia, na flashi hiyohiyo moja inaweza kutokea sehemu mbili, juu kwenye UEFI na chini kwenye Legacy, we chagua ile inayofanana na ulivyokuta kwenye msinfo32, ule ugomvi wa MBR na GPT hautakutokea. Kuna programu ya Microsoft wenyewe inaitwa mbr2gpt inayobadilisha diski bila kufuta kitu, ipo ndani ya Windows 10 tangu 2017, ila inakataa kama patisheni zako baadhi ni za aina ya "logical" (zilizotengenezwa ndani ya patisheni nyingine), na D nyingi za mtaani ndivyo zilivyo, kwaiyo usiitegemee sana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe maana hapa ndo sikubaliani na fundi wako. Kupiga window kunatibu uchafu: virusi, programu ishirini zinazowaka pamoja na mashine, Windows iliyovurugika. Hakutibu hadi diski iliyochoka. Diski yako kwa umri wa hiyo mashine nina hakika kubwa ni ile ya kuzunguka, kuna sahani ndani inayozunguka mara 5400 kwa dakika na kichwa kinachorukaruka kutafuta data, na kila mruko unakula milisekunde kumi na kitu. Windows 10 inapowaka inasoma maelfu ya mafaili madogomadogo yaliyotawanyika, kwaiyo piga hesabu mwenyewe. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kitu kinachozunguka, haifikishi hata milisekunde moja.

Kabla hujamlipa mtu angalia hivi. Ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", tazama "Disk". Ikiwa iko asilimia 100 muda wote huku pale chini kasi ya kusoma inaonyesha MB 1 au 2 kwa sekunde, basi diski ndo inayokushika, sio Windows. Alafu dauniloda programu ndogo ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, ifungue, itakuonyesha afya ya diski kwa rangi. Bluu ni nzuri, njano imeandikwa "Caution" ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Kwenye orodha yake tazama mistari mitatu, 05, C5 na C6. Kwenye safu ya "Raw Values" ikiwa ni sifuri tupu uko salama, lakini C5 au C6 ikiwa na namba yoyote maana yake kuna sehemu za diski zimeshindwa kusomeka, hapo dada usifomati, usipige chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), usifanye lolote lingine ila kunakili vitu vyako kwenda diski nyingine leo hiihii. Chkdsk kwenye diski inayokufa, hasa ikipigwa na /r, inailazimisha isome kila kona, na ndo mara nyingi inapomalizikia hapo. Kama Windows haiwaki kabisa, HP zina kipimo chao cha ndani, washa huku unagonga F2, chagua kupima diski, kitakuambia imepita au imefeli.

Kwaiyo ushauri wangu ni huu, chukua hiyo elfu ishirini uijazie ununue SSD ya inchi 2.5 aina ya SATA, GB 240 au 256 zinakutosha, na kale kabegi ka USB ka kuwekea hadi diski ya zamani. Zima laptopu, toa chaja, toa betri, fungua mgongo kwa bisibisi, chomoa diski ya zamani weka SSD palepale, inaingia vilevile. Window unaipiga kwenye SSD mpya ambayo haina kitu, kwaiyo hata ukikosea kubonyeza hamna cha kupoteza, diski yako ya zamani iko mezani na kadi zote za wateja ndani. Ukimaliza unaiweka kwenye kabegi, unaichomeka kama flashi, unachukua unachotaka. Na RAM ukipata nafasi ongeza ifike 8, 4 kwa Windows za siku hizi ni kubanana, ila kama hela ni ya kitu kimoja anza na SSD.

Ikiwa diski imepima vizuri na hela ya SSD haipo sasa hivi, sawa, tufomati hiyohiyo, ila bakapu iende nje ya mashine, hadi diski ya nje au flashi kubwa ya kuazima, au hata Google Drive kama bando linaruhusu. D isihesabike.

Na hapa kwenye kunakili ndo kazi yenyewe ilipo, kufomati kwenyewe ni kubonyeza tu. Watu wanachukua Desktop, Documents, Downloads na Pictures wanaona wamemaliza. We una stesheneri, una vitu ambavyo mtu wa kawaida hana. Kwanza fonti. Zile fonti za maua ulizodauniloda kwa ajili ya kadi za harusi ziko C:\Windows\Fonts, na nyingine zimejificha ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts kwenye folda ya jina lako. Usipozichukua, kadi zako zote zitafunguka vizuri tu lakini kila jina la bibi harusi litakuwa limegeuka fonti nyingine na mistari imehama, na utakaa usiku kucha unajiuliza ile fonti ilikuwa inaitwaje. Nakili folda zote mbili.

Pili Tally. Data zake hazikai Documents. TallyPrime kwa kawaida inaziweka C:\Users\Public\TallyPrime\data, na kila kampuni ina folda yenye namba, mfano 10000 au 100000, kwaiyo ukiona folda za namba usidhani ni takataka. Hakikisha njia yenyewe ndani ya Tally pale unapochagua kampuni, inaandikwa juu, maana aliyekuwekea anaweza kuwa alibadilisha. Fanya bakapu ya Tally yenyewe na pia nakili folda nzima ya data. Na kama leseni ni ya kununua, fungua Tally ukiwa na intaneti uisalimishe leseni kwanza, kule inaitwa "Surrender", ndo uje kufomati. Usipofanya hivyo Tally inaona leseni bado iko kwenye Windows ya zamani na itabidi uanze kuomba ifunguliwe.

Paswedi za kwenye Chrome nazo zina mtego. Kuna watu wanakuambia nakili tu folda ya Chrome ukirudisha utakuta kila kitu, sio kweli, alama za kurasa utazikuta lakini paswedi zimefungwa kwa ufunguo wa ile Windows ya zamani, kwenye mpya hazifunguki. Ama uwashe sync kwa akaunti yako ya Google, ama uingie kwenye paswedi za Chrome uzitoe kama faili, na faili hilo lina paswedi zako zote kwa maandishi ya wazi, likishamaliza kazi lifute usiliache kwenye flashi ya dukani inayopita mikono ya kila mtu. Angalia pia kama Desktop yako iko chini ya OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft), mafaili yenye alama ya wingu hayapo kwenye mashine, ukiyanakili bila intaneti unanakili majina.

Ukimaliza usiamini macho. Chomeka hiyo bakapu kwenye kompyuta nyingine, fungua kadi mbili tatu, fungua picha, linganisha ukubwa wa folda. Zikifunguka huko ndo unayo bakapu.

Sasa flashi ya kubutia. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana maana itafutwa yote, nenda kwenye kompyuta nzima ya mtu, ingia tovuti ya Microsoft, dauniloda Media Creation Tool ya Windows 10, itakuuliza maswali machache alafu itashusha yenyewe, jiandae na bando la GB 4 mpaka 6. Flashi iliyotengenezwa hivyo inabuti UEFI na Legacy zote. Ile Windows ya kuazima kwa jirani yenye jina la ajabuajabu, "imeshawekewa kila kitu na Office ndani", achana nayo. Hizo za kukrakiwa, na zile programu za kuamsha Windows zinazokuambia uzime antivairasi kwanza ndo zifanye kazi, we jiulize kwanini zinataka izimwe. Kwenye mashine ambayo wateja wanachomeka flashi zao na kuingiza namba za NIDA hutaki mgeni wa aina hiyo.

Leseni isikutishe. HP nyingi za ofisi zina ufunguo wa Windows umechomwa ndani ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) kutoka kiwandani, na kama Windows 10 iliyopo iliwahi kujiamsha kihalali, Microsoft wanaikumbuka mashine kwa madabodi yake (ile bodi kuu ya ndani). Kabla hujafuta ingia Settings, Activation, ukikuta "activated with a digital license" basi wakati wa kuinstoli akikuuliza ufunguo chagua "I don't have a product key", chagua toleo lilelile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, ukishika intaneti itajiamsha yenyewe. Ukikosea toleo haitajiamsha na utadhani umeibiwa.

Swali la Windows 10 au 11 najua linakuja. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Wana mpango wa kuendelea kutoa apdeti za usalama tu kwa watu wa majumbani mpaka Oktoba 2026, unajiunga ndani ya Windows Update kwa akaunti ya Microsoft. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kinga ya wakati wa kuwaka ya Secure Boot, na 450 G3 yako ni kizazi cha sita, haimo. Kuna njia ya kuilazimisha kwa programu inaitwa Rufus inayoruka hivyo vipimo, inafanya kazi, ila Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya hivyo itaendelea kupata apdeti. Mi kwa RAM 4 ningeweka 10, ningejiunga na huo mpango, alafu ningeanza kudunduliza hela ya mashine mpya. Linux Mint, mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ni nyepesi na salama lakini Tally na Publisher ya kutengenezea kadi havikai humo kirahisi, duka litasimama.

Kuinstoli kwenyewe. Chaji betri ijae, chomeka na chaja. Umeme ukikatika katikati na betri haina kitu mashine haiharibiki, unaanza upya tu, kinachoua mashine umeme ukikatika ni kuapdeti BIOS, usichanganye hivyo viwili. Chomoa kila flashi na hadi diski ya nje, ibaki flashi ya kubutia peke yake, hii naisisitiza kwasababu bakapu yako ikiwa imechomekwa itatokea kwenye orodha kama "Drive" nyingine na hutaki kuiona hapo kabisa. Buti, chagua lugha, "Install now", ufikie pa kuchagua kati ya "Upgrade" na "Custom", chagua Custom.

Kwenye SSD mpya utaona mstari ulioandikwa "Drive 0 Unallocated Space" (flashi ya kubutia nayo inaweza kutokea, iache), uchague huo bonyeza Next, usijisumbue kugawa, Windows itatengeneza vipatisheni vyake vidogo yenyewe. Kwenye diski ya zamani unayotaka ibakize D, tafuta ile KAZI_USIGUSE, iache, futa ile kubwa nyingine na vile vidogo vya MB mia kadhaa vilivyoandikwa System na Recovery, vikigeuka Unallocated chagua hapo Next. Ukiwa na mashaka hata kidogo mstari upi ni upi, funga dirisha, zima, hujapoteza kitu mpaka ubonyeze Delete au Format.

Itanakili, itarestati. Ikirestati chomoa flashi, maana ikiachwa inaweza kubuti tena kutoka kwenye flashi na utarudi kwenye ukurasa wa lugha, watu wanadhani imefeli wanaanza upya, wanazunguka hivyohivyo mchana kutwa. Ukiona ukurasa wa lugha mara ya pili, flashi nje, restati.

Ikishawaka na Wi-Fi haionekani, usihangaike kutafuta CD za draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine), chomeka simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering", laptopu itapata intaneti kupitia simu na Windows Update itavuta draiva nyingi yenyewe. Hakikisha tarehe na saa viko sawa kwanza, laptopu za umri huu betri ndogo ya madabodi huwa imekufa, saa inarudi miaka ya nyuma na kila tovuti inakataa kufunguka. Maandishi yakionekana makubwa na skrini kama imevutwa ni draiva ya grafiki haijaingia, subiri apdeti zimalize. Draiva ya printa chukua tovuti ya aliyetengeneza printa.

Usirudishe mafaili siku hiyohiyo kwa pupa. Acha Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ijiapdeti, iiskani diski ya zamani, alafu rudisha nyaraka na picha tu. Flashi za wateja zimejaa kile kirusi cha shotikati kinachoficha folda na kuweka shotikati badala yake, kwaiyo chochote kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe kiache hukohuko. Ukifungua folda ya zamani ikakuambia huna ruhusa bonyeza Continue, subiri, itafunguka, ni kwamba folda ilikuwa ya mtumiaji wa Windows iliyokufa. Hiyo haihusu diski iliyofungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data za diski), hiyo lazima uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48, na kwa wenye laptopu mpya zenye Windows 11 mnaosoma hapa, nyingi zinajifunga zenyewe bila nyie kujua, ufunguo uko kwenye akaunti yenu ya Microsoft, uchukueni kabla hamjagusa kitu.

Na kama imeshatokea, mtu kafuta D kweli, zima mashine hapohapo usiinstoli kitu kingine. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya mafaili tu, data zenyewe kwenye diski ya kuzunguka bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, programu za kurudisha mafaili za PhotoRec au TestDisk zinaweza kurudisha sehemu kubwa zikiendeshwa kutoka kompyuta nyingine, ingawa PhotoRec itakurudishia bila majina. Kwenye SSD usiweke matumaini, Windows inaiambia SSD kwamba hizo sehemu hazitumiki tena na yenyewe inazisafisha.

Ukiona bado unataka fundi akufanyie sio vibaya, ila mwambie hivi kabla hujamwachia: bakapu unayo nje, diski isipigwe clean, Windows 10 safi ya Microsoft ya toleo lilelile lililokuwepo, bila kiamshi, na ukae hapo ukiangalia. Akikuuliza kwanini D imeandikwa USIGUSE mwambie nimekutuma. Ile diski ya zamani ukishaweka SSD usiifomati mwezi wa kwanza, kuna kitu utakikumbuka tu, huwa ni saini ya mkuu wa shule iliyoskaniwa au ile logo ya kwaya. Ukituma majibu ya CrystalDiskInfo, ile mistari 05, C5 na C6, ntakuambia kama hiyo diski inafaa hata kubaki kama ya akiba.